Watoto Wako Wamefunga Skuli Lini?

Kila Agosti, mwenye duka la mtaani kwetu Shela (Shela ya Malindi, si ile ya Lamu) huniuliza swali moja huku akipima sukari: "Mama, wako wamefunga lini?" Huu ni mwaka wa nne namjibu kwamba hawakufunga kwa kuwa hawakufungua. Hucheka, kisha huwatazama watoto mmoja mmoja kwa macho ya huruma na kuwapa mabuyu bila pesa. Nao wameshamjua. Wakikaribia duka hujitia unyonge.

Ninao watatu: mkubwa wa miaka 12, wa kati wa 9, na kitindamimba wa 5. Twawasomesha nyumbani, mimi asubuhi, baba yao jioni akirudi kazini. Tumeshaambiwa mengi, mengine kwa mapenzi, mengine kwa kunyooshewa kidole. Mengi si kweli. Yako ya kweli pia, ila si yale wanayoyadhania watu.

"Agosti ni kiangazi, waacheni watoto wapumzike"

Hili tulilianza wenyewe. Kitabu cha kwanza tulichonunua kilitoka Marekani. Ndani yake mwaka wa masomo waanza Septemba na kwisha kabla ya likizo ndefu ya jua kali, yaani Juni hadi Agosti. Tukakifuata kama msahafu. Juni hiyo tukafunga vitabu, tukatandika mkeka nje tusubiri joto. Ikaja mvua, na nyuma yake kusi. Kitindamimba alishikwa na mafua, na bahari ilichafuka hata nahodha wa mashua ya watalii akawa anashinda barazani akicheza bao.

Malindi iko kama nyuzi tatu kusini mwa ikweta. Juni hadi Agosti kwetu ni miezi ya upepo wa kusi, na ndiyo yenye ubaridi kuliko yote. Joto lenyewe, lile la kulala sakafuni bila shuka, huja na kaskazi na kukolea Januari hadi Machi. Skuli za Kenya nazo hazina likizo moja ndefu katikati ya mwaka. Hufunga Aprili, Agosti, na mwisho wa mwaka.

Wa kati hakuridhika na maelezo ya mdomo. Akachomeka kijiti uani, akawa anatia alama kivuli chake kila ifikapo adhuhuri. Juni kivuli kilielekea kusini, maana jua lilikuwa upande wa kaskazini. Desemba kikageuka. Na kuna siku mbili katika mwaka, moja karibu na katikati ya Machi na moja mwanzoni mwa Oktoba, ambapo kijiti hakina kivuli hata kidogo, jua liko utosini. Kitabu cha Marekani hakina habari hiyo, kwa sababu katika majimbo yake ya bara jua halifiki utosini hata siku moja. Hapo ndipo alipoelewa pia kwa nini saa zetu huhesabiwa tangu jua kuchomoza: mchana wetu hukaribia saa kumi na mbili mwaka mzima, kwa hiyo saa moja asubuhi haikimbii. London, mchana wa Juni hupita saa kumi na sita, na wa Desemba haufiki hata saa nane na nusu. Saa ya Kiswahili ingewatia wazimu.

Tukageuza kalenda. Februari na Machi twasoma kidogo, tena baada ya swala ya alfajiri, na jua likishapanda tumemaliza. Agosti, wenzao wakiwa likizoni, wangu ndio wanaosoma sana. Maskini ya Mungu.

"Mama lazima awe mwalimu, ajue kila kitu"

Mimi nilisoma mpaka kidato cha nne, na hesabu sikuipenda, wala yenyewe haikunipenda. Kama kusomesha nyumbani ni mama kujua kila kitu, basi kwetu kungekufa mwezi wa kwanza.

Kinachotakiwa ni kujua nani anajua. Ufuoni kuna mzee mmoja mvuvi, siku za kusi hana safari, hushona nyavu. Mkubwa wangu alimwendea na "Shikamoo babu", akakaa. Alichorudi nacho kilitushughulisha wiki tatu.

Babu alimwambia hahitaji jedwali la maji, kalenda ya Kiislamu yamtosha. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, yaani karibu na tarehe 1 na tarehe 15, huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Tarehe 7 au 8, na 22 au 23, ni maji mafu, yanajaa kidogo na kupwa kidogo. Siku za bamvua maji hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na alasiri, na kupwa kwenye saa nne, asubuhi na usiku. Kijana akauliza, na siku za maji mafu je? Babu akasema, "Kinyume chake. Nenda ukafanye hesabu ujue kwa nini."

Tukafanya. Kati ya maji kujaa mara moja na kujaa tena hupita kama saa kumi na mbili na dakika 25. Kwa hiyo kila siku maji huchelewa kwa dakika kama 50, kwa sababu mwezi wenyewe husogea katika kuizunguka dunia, nayo dunia lazima ijizungushe zaidi kidogo ili iukute. Kutoka bamvua mpaka maji mafu ni siku saba. Saba mara 50 ni dakika 350, sawa na saa sita kasoro dakika kumi. Maji yaliyokuwa yakijaa saa kumi sasa yanajaa karibu na saa nne. Kijana aliruka hata akamwaga uji. Mimi nilikaa kimya, maana nimezaliwa ufuoni hapa, na miaka yote hiyo nilijua bamvua kwa mguu, sikuwahi kuijua kwa hesabu.

Siku za bamvua ndizo siku zetu za miambani. Kiti cha pweza, majongoo ya pwani, kaa, tondo: kitindamimba ana majina yao yote kabla hajajua herufi zote. Ila hakuna kuokota. Hifadhi ya bahari ya Malindi ilitengwa 1968, na ndani ya mipaka yake hata kombe tupu haliruhusiwi kutoka. Kulia kumeshaliwa kuhusu sheria hiyo.

"Watakua washamba, hawatajua kukaa na watu"

Mwenye kusema hivi hajaishi mtaa wa Waswahili. Saa nane wanangu wako chuoni pamoja na watoto wa mtaa mzima, wanasoma Kurani na wanagombana kama wengine. Alasiri ni mpira mchangani. Kukiwa na harusi hubeba sinia, kukiwa na msiba hupanga viti. Mkubwa hujua kuzungumza na mzee wa miaka 70 bila kuinama simuni, jambo ambalo wengi wa rika lake hawaliwezi.

Lakini nitasema lililo kweli. Kuna kitu skuli hutoa ambacho nyumba haitoi: watoto thelathini wa rika moja wanaopewa kazi moja. Mwanangu hajazoea kushindwa na wa rika lake katika hesabu, kwa sababu mshindani wake ni mdogo wake. Mwaka jana alicheza mashindano ya chemshabongo na watoto wa skuli ya jirani, akawa wa mwisho, akanuna siku mbili. Hilo bado sijapata dawa yake.

"Ni mambo ya Wazungu haya"

Mavyaa wangu ndiye msemaji mkuu. Mwanzoni alikuwa akija kila Jumamosi na mahamri, akikaa kitandani na kuuliza, "Mwanangu, umeona wapi Mswahili akisomesha watoto jikoni?"

Siku moja nikamjibu kwa adabu: "Wewe, mama, ulisoma wapi?" Alisoma nyumbani kwa shangaziye. Herufi za Kiarabu, Kurani, kushona kofia, na tenzi kwa moyo. Mwana Kupona binti Mshamu, mwaka 1858, hakumpeleka bintiye Mwana Hashima popote kutafuta mawaidha. Alimwita akae, atwae karatasi na wino, akamtungia utenzi mzima. Lililo geni pwani hii ni darasa lenye kengele.

Mavyaa hakukubali. Ila Jumamosi iliyofuata alikuja na uzi na sindano, akamfundisha wa kati kushona kofia ya vito. Jamani, ile kazi ni jiometri tupu.

"Kutwa nzima vitabuni" au "Kutwa nzima katuni"

Hakuna katika hayo. Masomo ya mezani kwetu ni kama saa tatu kwa mkubwa, mbili kwa wa kati, na nusu saa kwa mdogo. Mtoto akisomeshwa peke yake hapotezi muda kusubiri wenzake wanyamaze. Katuni zipo, na siku nikichoka huwa nyingi.

"Malindi hakuna cha kuwapeleka watoto ila ufuo"

Hili huniudhi kuliko yote, na mara nyingi husemwa na sisi wenyewe wenye mji. Chukua nguzo ya Vasco da Gama. Watoto wengi hupigwa picha pale wakiamini ule mnara mweupe wote ni wa Wareno wa 1498. Kilicho cha kale ni msalaba wa juu, wa jiwe lililotoka Ureno; umbo la pia linaloushikilia lilijengwa karne nyingi baadaye, usije ukaanguka. Na wengi wameambiwa kwamba nahodha aliyempeleka da Gama kutoka Malindi hadi Kalikut ni Ahmad ibn Majid. Wanahistoria wengi hawalikubali hilo siku hizi. Mkubwa alipolijua alifurahi mno kugundua kwamba kitabu chaweza kukosea, na tangu hapo ananisumbua mimi.

Au Gede, kilomita kama 16 kutoka mjini. Nilipokuwa mdogo tuliambiwa ni mji wa mizimu, ukiokota kitu utafuatwa. Ni mji wa Waswahili, wa mawe ya matumbawe, wenye misikiti, visima na vyoo vya ndani, ulioachwa karne ya 17. Mwaka 2024 uliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Watoto hawakujali orodha. Walitaka kuonyeshwa vyoo.

Na Ngomeni. Kaskazini mwa Malindi, baharini, kuna majukwaa ya chuma ya Waitaliano. Kutoka pale, tarehe 12 Desemba 1970, ilirushwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kwa kupima miale ya eksirei kutoka angani. Iliitwa Uhuru, kwa kuwa siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha uhuru wake, na iliorodhesha vyanzo zaidi ya 300 vya miale hiyo. Kwa nini Ngomeni? Kwa sababu karibu na ikweta ardhi inazunguka kwa kasi ya kama kilomita 1,670 kwa saa, na roketi inayorushwa kuelekea mashariki huanza safari ikiwa tayari na kasi hiyo. Wa kati alisikia haya akiwa anakula kiazi karai ukutani mwa bahari. Akauliza, "Kwa hiyo na mimi hivi sasa nakwenda kasi hiyo?" Nikamwambia ndiyo. Akashika ukuta.

"Sheria haiwagusi", na pacha wake, "Mtafungwa kesho"

Hapa sitanii. Katiba, kifungu cha 53, humpa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imemwekea mzazi wajibu wa kuhakikisha mtoto anahudhuria skuli, na aliyeukiuka anaweza kutozwa faini au kufungwa. Sheria hiyo imeandikwa kwa kufikiria skuli, si meza ya jikoni. Anayekuambia mambo ni shwari kabisa hajaisoma. Muulize wakili kabla hujamtoa mtoto darasani, usiniulize mimi.

Mitihani nayo ina yake. KCPE, ule mtihani wa kumaliza skuli ya msingi, ilifanywa mara ya mwisho 2023. Sasa kuna KPSEA gredi ya 6, na KJSEA gredi ya 9 iliyofanywa mara ya kwanza 2025, na sehemu ya alama hutokana na tathmini za darasani za miaka iliyotangulia. Mtoto asiye na darasa anazitoa wapi? Ndiyo maana familia nyingi kama yetu hufuata mitaala ya nje na kulipia kituo cha mtihani, na pesa hizo si haba. Usiku nikikosa usingizi, nawaza hilo. Sijawahi kukosa usingizi kwa kuwazia kama wanangu watakosa marafiki.

Wiki iliyopita nilikwenda tena dukani. Nikaulizwa wamefunga lini, nikajibu vile vile. Safari hii binti yake, aliye likizoni kwa kweli, alikuwa amekaa juu ya gunia la mchele, amechoka kwa kutofanya kitu. Mwenye duka akanirudishia chenji, akakohoa.

"Mama, hao wako kesho wanakwenda wapi?"

"Miambani. Mwezi umeandama juzi."

"Huyu naye aweza kwenda?"

"Maji yatapwa saa nne na kitu. Mwambie avae viatu."