Kuongeza Distance hakusimamishi mtu chini: dhana potofu kuhusu vivuli vya picha

Umemkata mtu kwenye picha moja ukambandika kwenye nyingine, na sasa anahitaji kivuli. "Ongeza Distance tu (umbali wa kivuli kutoka kwenye kitu), kivuli kitakaa sawa." Wateja wanasema hivyo, wanafunzi wanasema hivyo, na si kweli hata kidogo. Drop Shadow, kivuli cha papo hapo cha programu ya kuhariri picha ya Photoshop, huchukua umbo la leya (tabaka la picha), hulisogeza pembeni, hulitia ukungu, basi. Imetengenezwa kwa kitu kinachoelea mbele ya ukuta, ndiyo maana inapendeza kwenye maandishi na vitufe. Mtu aliyesimama barabarani anataka kivuli kilicholala chini, kinachoanzia kwenye nyayo zake. Ukiongeza Distance, kivuli kinazidi kuachana na miguu na mtu wako anapaa.

Fanya hivi. Shika Ctrl ubofye kijipicha cha leya ya mtu ili umbo lake lichaguliwe. Fungua leya mpya chini yake, ijaze rangi ya giza, kisha Ctrl+D kuondoa uteuzi. Iweke Multiply, hali ya kuchanganya inayotia giza kilicho chini. Bonyeza Ctrl+T ya kubadili umbo, bofya kulia, chagua Distort, ushike vishikizo vya juu peke yake na kuvilaza upande uliokipa mwanga kisogo. Vya chini usiviguse kabisa! Hapo ndipo kazi nyingi zinapoharibika: kona ya chini inavutwa kidogo tu, kisigino kinabanduka kwenye kivuli chake, na hakuna ukungu utakaoficha kosa hilo. Kama Drop Shadow umeshaiweka, nenda Layer, Layer Style, Create Layer. Itajitenga iwe leya ya kawaida, nawe utaweza kuilaza.

Urefu nao haukisiwi. Jua likiwa nyuzi 45 juu ya upeo wa macho, kivuli ardhini kinalingana na kimo cha mtu. Likishuka hadi nyuzi 30 kinafika mara 1.7 ya kimo, na likiwa nyuzi 60 kinabaki zaidi kidogo ya nusu. Picha iliyopigwa Nairobi mwishoni mwa Machi saa sita na nusu mchana, jua likiwa karibu utosini, haiwezi kubeba kivuli cha jioni. Kamera nayo huubana urefu huo, kwa hiyo tafuta nguzo au mtu mwingine kwenye picha hiyohiyo, upime kwa kivuli chake. Mwelekeo uchukue hapohapo.

Wengine wanaamini ukungu ukiwa mwingi ndipo kivuli kinakuwa cha kweli, basi wanapiga Gaussian Blur, ukungu ulio sawa kila mahali, ya pikseli 20 kuanzia mguuni hadi kichwani. Kivuli cha jua huwa na ukingo mkali pale kinapogusana na kitu, kisha hulainika kadiri kinavyokwenda mbali: takriban sentimita moja ya ulaini kwa kila mita kutoka kwenye kitu hadi pale kivuli kinapotua. Tumia Field Blur, ukungu unaobadilika kati ya pini unazoweka: pini moja kwenye nyayo ikiwa 0, nyingine kwenye kivuli cha kichwa ikiwa 12 au 15 kwa picha ya pikseli 3000. Kisha, kwenye leya ya peke yake, chora kwa brashi ndogo mstari mwembamba wa giza chini ya soli. Bila mstari huo viatu havikanyagi.

Kivuli si cheusi. Anga la buluu humwaga mwanga wake ndani yake, kwa hiyo nyonya rangi kutoka kwenye kivuli kilichomo tayari pichani, uanze na Opacity (uzito wa leya) ya asilimia 55.

GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, nayo inaweza. Ingia Filters, Light and Shadow, Perspective. Hakikisha tu leya ina alfa (sehemu zinazoweza kuwa wazi) na mandharinyuma yameondolewa, la sivyo utapata kivuli cha mstatili.

Dhana ya mwisho ni kwamba umbo la kitu likilazwa linatosha siku zote. Kwa chupa ya mviringo, sawa. Kwa mtu aliyetazama kamera huku jua likimpiga ubavuni, kivuli ni cha ubavu wake, si cha kifua. Gari lililopigwa kwa pembe ndilo linaloumbua kabisa, kwa sababu magurudumu manne yanagusa ardhi sehemu nne tofauti. Hapo acha Distort. Shika Pen, zana ya kuchora mistari, chora kutoka gurudumu hadi gurudumu, jaza giza zito chini ya bodi, kisha chora upande wa kivuli kufuata ukingo wa paa.