Kulalamikia mfumo mpya kazini si dalili ya udhaifu

Wengi tunaamini kwamba mfanyakazi mstahimilivu hukaa kimya mabadiliko yakija, na kwamba anayelalamika ameshindwa kuvumilia. Imani hiyo inaeleweka. Tumelelewa kusifu uvumilivu.

Lakini tazama wodi inayohama kutoka mafaili ya karatasi kwenda kompyuta. Muuguzi anaandika dawa kwenye daftari, kisha anazirudia kwenye kompyuta moja inayogombewa na watu wanne, na zamu haijaongezewa mtu. Akisema "hii inanichosha", anataja kasoro ambayo msimamizi anaweza kuirekebisha. Kumwambia ajikaze ni kumwonea.

Orodha ya kimataifa ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, toleo la 11 lililoanza kutumika 2022, inaeleza kwamba uchovu uliokithiri wa kazini hutokana na msongo wa muda mrefu kazini ambao haukudhibitiwa. Haiuiti ugonjwa.

Kazini kwako, sikiliza lalamiko linataja nini hasa. Likitaja muda, vifaa au mafunzo, kikwazo hicho kiondolewe kwanza, kisha uangalie kama manung'uniko yanapungua, ilhali watu ni walewale.