Simu si ya mtoto njiti kutazama

Wazazi wengi wakisikia kwamba mtoto njiti anaweza kupata tiba ya ukuaji nyumbani kwa msaada wa simu, hudhani mtoto atawekewa video atazame. Sivyo hata kidogo, kwani mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2019 haupendekezi skrini kwa mtoto wa chini ya mwaka 1. Mtoto ndiye anayerekodiwa video kwa simu, akiwa macho na ametulia, amelazwa chali, ili mtaalamu achunguze mienendo midogomidogo ya viungo ambayo kwa kawaida huonekana kati ya wiki 9 na 20, zikihesabiwa tangu tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa; ikikosekana, mtoto huchunguzwa mapema kama ana mtindio wa ubongo, yaani hitilafu ya ubongo inayoathiri mwendo na misuli. Tiba yenyewe, kama vile kumlaza kifudifudi akiwa macho huku ukimsemesha, hufanywa na mzazi.