Kwa nini shafti ya PTO hufungwa bolti inayotakiwa kukatika?

Mashine ya kufyeka ikigonga kisiki, hutoka mlio mmoja mkali na visu vinasimama, lakini trekta linaendelea kunguruma na shafti ya nyuma inazunguka bure. Dereva akishuka anakuta bolti moja imekatika vipande viwili. Wengi huanza kulaumu ubovu wa bolti. Kumbe imefanya kazi pekee iliyowekewa.

PTO ni ile shafti fupi yenye meno inayochomoza nyuma ya trekta na kupeleka nguvu ya injini kwenye mashine: ya kufyeka, rotaveta (ya kutifua udongo), ya kufunga marobota ya majani. Kasi zake za kawaida ni mizunguko 540 au 1,000 kwa dakika. Nguvu farasi 50 zikipita kwenye shafti inayozunguka mara 540, msokoto wake ni nyutoni-mita 660 hivi, sawa na kuning'iniza kilo 67 kwenye ncha ya mtaimbo wa mita 1. Na hapo kazi ni shwari. Kisu kikigota ghafla, flaiwili (gurudumu zito la injini) na gia zote zilizokuwa mwendoni hutaka kuendelea kuzunguka, na msokoto hupanda mara kadhaa kwa kufumba na kufumbua. Lazima kitu kiachie. Kama fyuzi ya umeme, bolti imechaguliwa mapema iwe ndiyo ya kwanza, kabla ya krosi za shafti (viungo vinavyoiruhusu kupinda), giaboksi ya mashine au gia za trekta lenyewe.

Ndiyo maana anayesema "tia bolti ngumu isikatike tena" anajitafutia hasara. Tazama kichwa cha bolti. Zile za milimita huandikwa 4.6, 8.8 au 10.9. Namba ya kwanza ukiizidisha kwa 100 unapata uimara wa chuma chake kikivutwa, kwa megapaskali. Kwa hiyo bolti ya 8.8 ina uimara mara mbili ya ile ya 4.6, hata zikiwa na unene uleule. Za inchi huwa na mistari: kichwa kitupu ni laini, mistari 3 ni ngumu, mistari 6 ni ngumu zaidi. Ipi inafaa? Kitabu cha mashine ndicho kinachosema, si duka. Kipande cha nondo au msumari mnene ni kubahatisha tu.

Bolti ikikatika mara kwa mara bila kugonga kitu, kagua matundu yake. Bolti iliyolegea hucheza, tundu linapanuka, na kila PTO inapowashwa bolti hupokea kipigo. Sababu nyingine ni kuwasha PTO injini ikiwa imepanda kasi. Shusha kasi, washa, ngoja visu vishike mwendo, ndipo uongeze mafuta.

Rotaveta kwenye shamba la mawe ingemaliza boksi zima la bolti, kwa hiyo huko mara nyingi hutumika klachi ya kuteleza: sahani za msuguano zilizobanwa kwa springi. Msokoto ukizidi sahani huteleza kidogo, jiwe likipita hushika tena. Ni kifaa kizuri, ila kina unafiki wake. Kikilala nje msimu mzima, unyevu huingia, kutu hugandisha sahani, na klachi inayoonekana nzima inakuwa pande moja la chuma. Haitoi dalili mpaka siku ya jiwe.

Kuijaribu si kazi ngumu. Trekta likiwa limezimwa, pima urefu wa springi na uuandike, kisha legeza nati zote kwa mizunguko sawa. Piga mstari wa rangi unaokatiza kingo za sahani. Washa PTO kwa sekunde chache, zima kila kitu, subiri shafti isimame kabisa, halafu tazama mstari. Ukiwa umevunjika, sahani zimeteleza. Ukiwa bado umenyooka, klachi imeganda; ifunguliwe na kusafishwa. Mwisho rudisha springi kwenye urefu ule ulioandika. Ukizikaza mpaka pete zake zigusane, huna tena klachi.

Mpaka hapa tumelinda mashine dhidi ya trekta. Upande wa pili hausemwi sana, na kwangu ndio wa hatari zaidi. Kwenye matrekta mengi ya zamani, klachi ni ya hatua moja: ukikanyaga pedeli unatenganisha injini, lakini PTO na magurudumu hubaki vimeungana ndani ya giaboksi. Visu vizito vya mashine ya kufyeka havisimami papo hapo. Vinaendelea kuzunguka, vinarudisha nguvu kwenye trekta kupitia shafti, na trekta linasonga mbele huku dereva amekanyaga klachi hadi chini. Mbele kukiwa na ukuta au mtaro, utaeleza nini? Dawa yake ni klachi ya upande mmoja, kifaa kinachofungwa kwenye shafti ya PTO na kuruhusu mashine izunguke bure inapotaka kuitangulia injini. Trekta ambalo PTO yake ina klachi ya peke yake halina shida hii ya kusukumwa.

Kifaa hicho huongeza urefu, na hapo huzaliwa tatizo jingine. Shafti ya kuunganisha ni mabomba mawili yanayoingiana. Ikiwa ndefu mno, kuna mahali mashine ikifika mabomba hugota na kusukuma beringi za trekta upande mmoja na giaboksi upande wa pili. Ikiwa fupi mno yanaweza kuchomoka. Inua na kushusha mashine taratibu, PTO ikiwa imezimwa, uone yanavyotembea kabla ya kuanza kazi.

Kisha kuna pembe. Krosi iliyopinda haizungushi kwa kasi moja. Kwa nyuzi 30, shafti inayoingia kwa mizunguko 540 hutoka ikipanda na kushuka kati ya takriban 468 na 624, mara mbili katika kila mzunguko. Krosi ya upande wa pili hufuta mtikisiko huo, mradi pembe zote mbili zilingane na mikono ya uma inayoshika krosi kwenye ncha mbili za shafti ikae kwenye mstari mmoja. Mashine ikiinuliwa pembe hazilingani tena, na ule mngurumo unaosikika kwenye kona ndio huo. Zima PTO kwanza, ndipo uinue.