Shule rafiki ya nje sio mfadhili: dhana potofu na ukweli

Mtu akisikia shule flani ina ushirikiano na shule ya Ujerumani, cha kwanza anauliza wametoa nini. Kompyuta ngapi, madawati mangapi, na watoto wanaenda lini Ulaya. Hii ndo dhana potofu kubwa kuliko zote, na naona ndo inaua mahusiano mengi mapema, maana wa kule wakishageuzwa ATM, kontena likifika na kushushwa mzigo hakuna tena cha kuongea.

Ukweli ni kwamba mtandao wa shule wa UNESCO, lile shirika la Umoja wa Mataifa la elimu, sayansi na utamaduni, upo tangu 1953 na una shule zaidi ya 10,000 duniani, haukupi hela. Shule inaomba kupitia Tume ya Taifa ya UNESCO, ikikubaliwa inapata wenzake wa kufanya nao kazi, basi.

Dhana nyingine eti faida yote tunapata sisi, wao wanatuhurumia tu. Hapana bwana. Chukua Mwanza na Würzburg ya Ujerumani, miji dada, yaani yenye urafiki rasmi, tangu 1966. Tuseme shule moja kila upande inasimamisha fimbo ya mita moja, tarehe 20 au 21 Machi, wanapima kivuli pale kinapokuwa kifupi kuliko vyote mchana ule. Mwanza watapata kama sentimita 4 tu, Würzburg kama 118! Tena cha Mwanza kinalala kuelekea kusini, cha wenzao kaskazini. Hapo ile tanjenti ambayo kila mwanafunzi anauliza itamsaidia nini inaanza kazi: gawa kivuli kwa urefu wa fimbo, hiyo ndo tanjenti ya pembe ya jua kutoka utosini, digrii kama 2.5 huku, 49.8 kule, na kwa kuwa vivuli vinalala pande tofauti, jumlisha unapata 52.3, na umbali wa kaskazini-kusini kati ya miji hiyo ni kama kilomita 5,800, gawa kwa 52.3 zidisha mara 360, mzingo wa dunia huo hapo, karibu kilomita 40,000. Sasa niambie nani kamsaidia nani, wakati bila namba ya Mwanza mtoto wa Würzburg amebaki na kivuli chake tu.

Na wanaosema mpaka uwe na intaneti kali na maabara ya kompyuta, hiyo kazi ya juu imetumia fimbo, futi kamba na simu ya mwalimu yenye bando la kutuma picha moja.

Kinachosumbua kweli ni kalenda, na hiki watu hawakiongelei kabisa. Saa sio tatizo, saa nne asubuhi Mwanza kwao ni saa mbili, au saa tatu wakishasogeza saa zao za kiangazi. Ila Agosti Bavaria, jimbo iliko Würzburg, wanakuwa wamefunga shule, Desemba tunafunga sisi, kwahiyo mkikubaliana kazi ya pamoja ipangeni Februari mpaka Mei au Septemba mwishoni mpaka Novemba, na wawepo walimu wawili kila upande, manake akihamishwa mmoja na namba zote ziko kwenye simu yake mnaanza upya.