Je, wajua? Bikoni tatu za barabarani hazitoshi kuipata ya nne

Greda limepita na bikoni (alama ya mpaka) ya kona ya kiwanja imefukiwa. Ramani ya upimaji ipo, bikoni za jirani zipo. Wengi huamini kwamba ukivuta tepu kutoka bikoni tatu zilizobaki, kwa umbali unaotolewa na ramani, iliyopotea lazima ipatikane. Sivyo. Inategemea hizo tatu zimekaaje.

Umbali mmoja hautoi mahali, hutoa duara. Mfunge mbuzi kwa kamba ya mita 30 kwenye bikoni A: kamba ikikaza, anaweza kuwa popote kwenye ukingo wa duara hilo. Mwongezee kamba ya pili, ya mita 40, kutoka bikoni B iliyo mita 50 kutoka A. Sasa zimebaki sehemu mbili tu anazoweza kusimama huku kamba zote zimekaza. Tembea mita 18 kutoka A kuelekea B, kata kona ya mraba, nenda mita 24: umefika. Lakini kulia au kushoto? Tepu haijui.

Basi pima ya tatu, utaambiwa. Chora mstari AB na zile sehemu mbili za mbuzi kwenye karatasi, kisha ikunje kwa kufuata mstari huo. Sehemu mbili zinalaliana. Maana yake, bikoni yoyote iliyo kwenye mkunjo iko umbali uleule kutoka zote mbili. Na bikoni za mbele za viwanja vilivyopangana kando ya barabara iliyonyooka ziko kwenye mkunjo mmoja! Pima kutoka tatu, pima kutoka kumi, majibu yatabaki mawili. Bikoni moja ya nyuma ya kiwanja, iliyo nje ya mstari, inamaliza utata.

Mara nyingi upande sahihi unajulikana kwa macho. Tatizo la pili ndilo halionekani. Tuseme bikoni iliyopotea ilikuwa katikati kabisa ya A na B, mita 25 kila upande. Ukikosea kwa sentimita 2 tu, ukasoma 25.02 pande zote mbili, matao (vipande vya yale maduara) yatakatana mita 1 nje ya mstari. Ukisoma 24.98, hayakutani kabisa. Makosa hayohayo kwa yule mbuzi wa mita 30 na 40 yanamsogeza chini ya sentimita 3, kwa sababu kamba zake zinakutana kwa pembe ya 90°. Ndiyo maana wapima hukwepa makutano ya chini ya 30° au zaidi ya 150°.

Zamani, kwenye masafa marefu, walipendelea kupima pembe, maana kuburuta tepu kilomita nyingi ni mateso. Mambo yalibadilika mwaka 1957, Tellurometer ya Trevor Wadley wa Afrika Kusini ilipoanza kupima umbali kwa mawimbi ya redio.

Kiwanjani tepu bado inatosha, ila ishike mlalo na ushushe timazi. Mita 30 zilizopimwa juu ya mteremko unaopanda mita 2 ni mita 29.93 tu kwenye ramani: sentimita 7 zimeyeyuka. Tepu iliyolegea nayo husoma zaidi ya umbali halisi.

Matao matatu karibu kamwe hayakutani kwenye nukta. Huacha pembetatu ndogo. Ikiwa ya sentimita chache, endelea. Ikifika nusu mita, shuku namba iliyosomwa vibaya au bikoni iliyohamishwa. Hata hivyo, udogo wake si ushahidi kamili, na kusimika bikoni upya ni kazi ya mpima mwenye leseni.

Naye, kabla ya kusimika, huchimba taratibu ndani ya pembetatu hiyo. Pini ya chuma iliyooza huacha doa jekundu la kutu kwenye udongo, na doa hilo, likiwa halijavurugwa, lina uzito kuliko hesabu zote za tepu.