Mjamzito mwenye tundu kwenye moyo: pumzi ikikata, usisubiri tarehe ya kliniki

Ugonjwa wa moyo wa kuzaliwa nao ni upi?
Ni hitilafu iliyotokea moyo ulipokuwa ukiumbika tumboni. Mara nyingi ni tundu kwenye ukuta unaotenganisha vyumba vya moyo. Wapo wanaogundulika wakiwa tayari na mimba.

Naweza kuzaa?
Wengi huzaa salama, tena kwa njia ya kawaida. Ila pima moyo kwa eko, kipimo kinachoonyesha picha ya moyo ukifanya kazi, kabla ya kubeba mimba. Ikionekana shinikizo la damu kwenye mapafu limepanda sana, daktari atakushauri usizae. Msikilize. Dawa nazo usiziache kienyeji. Warfarini (ya kuzuia damu kuganda) na enalaprili (ya presha na moyo) zinaweza kumdhuru mtoto, lakini wa kuzibadilisha ni daktari.

Usiku nakosa pumzi. Si mimba tu?
Hapana. Mama anafika kwetu hospitalini na mimba ya miezi saba, wiki mbili analala ameegemea mito mitatu, ukimbonyeza mguu shimo la kidole linabaki. Nyumbani kila mtu kamwambia, "Ni mtoto anakubana." Kumbe damu mwilini imeongezeka karibu nusu, moyo umezidiwa na maji yanajaa mapafuni. Kuhema kidogo ukipanda ngazi ni kawaida. Kushindwa kulala bila mito, kushtuka usiku ukitafuta hewa, kukohoa damu, kuzimia au midomo kuwa ya bluu si kawaida. Nenda hospitali usiku huohuo.

Kliniki yangu ni wiki ijayo. Nisubiri?
Usisubiri.

Mama mkwe anasema nipumzike kwanza, kukikucha tutaona.
Shikamoo yake mpe, lakini usisubiri. Nimeshapokea wengi waliosubiri kukuche.

Nilipasuliwa utotoni nikapona. Lazima niseme?
Lazima, siku ya kwanza ya kliniki, mkunga aandike kwenye kadi. Wengine huficha kovu la kifuani wakwe wasijue. Tafadhali, mkunga asiligundue kovu hilo chumba cha kujifungulia.

Nikijifungua hatari imekwisha?
Bado. Kizazi kinaponywea, damu nyingi hurudi kwenye moyo kwa mkupuo, kwa hiyo siku za kwanza ni za kuangaliwa kwa karibu. Usiombe kuruhusiwa mapema uwahi shughuli ya mtoto. Na pumzi ikikata ndani ya arobaini, usikubali kuambiwa ni uchovu wa kunyonyesha: rudi hospitali, mtoto mbebe uende naye.